Kitanda cha Mfano wa Kumi na Moja

Ofisi ya Elimu, kwa waraka uliotiwa sahihi na kugongwa mihuri miwili, mmoja juu ya mwingine, inawatangazia walimu, wanafunzi na wazazi wote kwamba mifano iliyomo katika karatasi ya istilahi za fasihi, inayotumiwa na wanafunzi wa Kiingereza, ni ya kubuni. Kwamba haimhusu mtu yeyote, aliye hai au aliyekwisha kufariki. Na kwamba kitanda kinachotajwa katika mfano wa kumi na moja hakijapata kuwepo popote. Wanafunzi wanahimizwa kuendelea kuitumia karatasi hiyo bila wasiwasi.

Waraka huo ulichapwa upya, kwa ajili ya ubao wa matangazo wa shule, na mpiga chapa wa shule, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye wanafunzi humwita Bi Chapa. Hauna kosa hata moja. Bi Chapa hakosei. Jambo hilo limetajwa katika hotuba tatu za kufunga mwaka, na mara zote tatu hotuba ilikuwa imechapwa na yeye mwenyewe. Angekuwa mtu wa kukosea, pengine haya yote yasingetokea.

Ofisi yake iko kati ya stoo ya chaki na ofisi ya mkuu wa shule. Ina dirisha moja linalotazama mabomba ya maji, kompyuta moja, na pembeni, chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, mashine ya kurudufu iliyokufa miaka tisa iliyopita. Haijaondolewa kwa sababu hakuna aliye tayari kutia sahihi kwamba imekufa.

Ilipokuwa hai, miaka kumi na sita iliyopita, mwalimu wa Kiingereza alihamishwa ghafla. Lori lilikuwa limeshapakia magodoro, mkewe ameshakaa mbele na mtoto mapajani, ndipo alipokumbuka kazi aliyoahidi. Akaingia kwa Bi Chapa na karatasi nne za mwandiko mzuri: istilahi kumi na moja, kila moja na maelezo yake, na chini ya kila maelezo neno “mfano”, nukta mbili, na nafasi tupu. Mifano, alisema, iko kwenye droo ya meza yake. Lori likapiga honi, akatoka.

Droo ilikuwa na vipande vitatu vya chaki na mkono wa miwani.

Mtihani ulikuwa wiki ile ile. Bi Chapa alikwenda kwa makamu wa mkuu kuuliza afanyeje na nafasi kumi na moja. Makamu alikuwa akihesabu madawati na hakutaka kupoteza hesabu. Alimuuliza kama si yeye aliyesomea Kiingereza cha ukatibu, akamwambia ajaze, mfano ni mfano.

Hapo inafaa kusema habari za kaka yake.

Kaka yake ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya mashine ya kusaga, na mtu akikaa humo nusu saa hutoka na unga kichwani na vumbi la mbao miguuni, kama mtu aliyetengenezwa na mafundi wawili. Ni mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na neno moja dogo: kesho. Ukimuuliza kabati, kesho. Ukimuuliza kiti, kesho. Hasemi kwa ujanja. Kila anaposema anaamini. Aliacha shule darasa la nne ili mdogo wake asiache, jambo ambalo Bi Chapa alilijua siku zote, kama mtu anavyojua kwamba nyumba yake ina msingi.

Mama yao aliugua miezi mitano nyumbani kwa kaka, chumba cha nyuma. Kitanda alicholalia kilitengenezwa na mwanawe, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umepasuka, mahali pake pamewekwa tofali. Kila Jumapili Bi Chapa alipokuja kumtazama mgonjwa alimvuta kaka yake pembeni akamuuliza habari za mguu. Kila Jumapili kaka alisema kesho. Mama alifariki alfajiri ya Jumatano, na tofali lilikuwa palepale. Bi Chapa alilitazama wakati wanawake wakimfunika marehemu. Siku ya mazishi alisimama mbali na kaka yake, akazungumza na watu wote isipokuwa yeye.

Siku tatu baadaye alirudi kazini, akakuta lori, mwalimu, droo, na nafasi kumi na moja.

Katika familia ile Kiingereza kilikuwa kama sanduku ambalo ufunguo wake alikuwa nao mtu mmoja. Unaweza kuweka humo chochote. Bi Chapa alikaa mbele ya taipureta, akapachika stensili, akaweka.

Mifano ilikuwa ya Kiingereza, na kwa Kiswahili ni hivi. Tashibiha: ahadi za kaka yangu ni kama meza zake, ukiegemea unaanguka. Sitiari: kaka yangu ni kesho. Tashihisi: kiti kilimwona mgeni mnene, kikapiga magoti. Chuku: tangu aanze kuranda kabati lile, miti mingine imeota, imekua na imekatwa. Tafsida: kaka yangu hasemi uongo, hutoa tarehe. Swali la balagha: nani amewahi kumwona fundi huyu akimaliza? Na kadhalika, hadi ya kumi na moja, ambayo ilikuwa kinaya, na hapo hakutafuta mzaha. Aliandika: mama wa seremala alifia juu ya kitanda kilichoegemezwa tofali.

Akazungusha mkono wa mashine mara mia moja na ishirini. Alipomaliza, anasema, alijisikia kama mtu aliyetapika: vizuri kidogo, na hataki kuona.

Kwa kawaida karatasi za shule huishi muhula mmoja na kufa zikiwa vifuniko vya madaftari. Hii iligoma kufa. Wanafunzi waliikariri kwa sababu iliwachekesha, wakafaulu kwa sababu walikuwa wameikariri. Shule jirani ikaomba nakala. Mkaguzi aliyepita alichukua moja akaipeleka Ofisi ya Elimu, ambako ilipewa namba, na kitu kikishapewa namba kimekuwa cha serikali. Baada ya miaka mitano ilikuwa ikitumika katika shule arobaini. Katika semina moja mtaalamu alisimama akasifu “ule ukavu wa mifano”, akasema unaonyesha mkono wa mwalimu mzoefu. Bi Chapa alikuwa nyuma ya ukumbi akigawa kalamu. Aliinamisha kichwa, na jirani yake akadhani anatafuta kofia ya kalamu.

Hasira, kwa wakati huo, ilikuwa imeshakwisha. Hasira haina akiba. Alirudi kwenda kwa kaka yake kila Jumapili, akawa anakula mezani kwao, kwenye meza inayocheza, na hakuna aliyewahi kumwambia lolote, kwa kuwa hakuna aliyejua. Hakuingia tena chumba cha nyuma. Kaka alipata binti mwaka uliofuata. Binti akawa na akili, na hapo ndipo Bi Chapa alipoanza kukosa usingizi, maana watoto wenye akili hupelekwa shule, na shule yenye Kiingereza kizuri katika mtaa ule ilikuwa moja.

Binti alipoanza kidato cha kwanza, shangazi yake alifanya jambo ambalo anakiri lilikuwa la woga. Aliichapa karatasi upya na kubadilisha mifano yote. Aliweka mvua, kuku, na askari wa zamani aliye hodari kama simba. Aliichomeka karatasi mpya mahali pa ile ya zamani bila kumwambia mtu. Haikufua dafu. Nje ya lango kuna kibanda cha fotokopi, na mwenye kibanda alikuwa na nakala ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki, akiitunza kama hati ya kiwanja. Wanafunzi walilinganisha, wakaamua kwamba ile ya shule imeharibiwa. Ya kibandani ndiyo ya kweli, walisema, hata kama imefifia.

Jumapili moja, binti akiwa kidato cha pili, walikuwa wanne mezani: kaka, mkewe, binti na shangazi mtu. Sahani zilikuwa hazijaondolewa. Binti alitoa karatasi kwenye daftari na kusema anataka kumsomea baba yake kitu, maana kuna fundi humo. Shangazi alisema mtoto apumzike, leo Jumapili. Kaka alisema aache asome, yeye mwenyewe hakusoma, angalau asikie.

Binti alisoma sentensi moja moja kwa Kiingereza, kisha akaigeuza. Alikuwa anageuza vizuri. Kwenye ahadi na meza, kaka alicheka. Kwenye kiti kilichopiga magoti aliweka mkono kifuani. Alisema fundi huyo anamjua, ni yule wa kona ya pili, yule anayepaka rangi kabla ya kupiga msasa.

“Kaka yangu ni kesho,” binti akasoma.

“Huyo huyo,” kaka akasema, akifuta machozi kwa kiganja. “Ana dada basi, maskini.”

Mkewe alikuwa anacheka kwa namna nyingine, akimtazama mumewe. “Kumbe mko wengi,” akamwambia.

Bi Chapa alikuwa ameshika glasi ya maji. Anakumbuka kwamba alihesabu: saba, nane, tisa. Alitamani taa izimike, mvua inyeshe, jirani afe. Ilikuwa saa nane mchana na jua kali, na majirani wote wana afya. Kumi. Kumi na moja.

Binti alisoma ya kumi na moja, akaigeuza, na kwa kuwa haikuchekesha akaongeza kwamba hii ndiyo mwalimu wao anaipenda zaidi.

Kaka alisogeza sahani yake kando. Kisha akauliza, “Tofali?”

“Ndiyo, Baba. Tofali.”

“Hebu rudia.”

Binti akarudia, safari hii polepole, kama wanavyofundishwa. Kaka alisikiliza akiwa anatazama meza. Kisha akainuka, akanawa mikono kwa makini, kidole kwa kidole, akachukua kofia yake na kusema kuna ubao ameuacha nje. Mkewe alianza kukusanya sahani kabla mtu hajamaliza. Binti alibaki na karatasi mkononi, akimtazama shangazi yake. Shule ile ilikuwa na mpiga chapa mmoja, tangu enzi na enzi, na kila mtoto analijua hilo.

“Shangazi, hii nani aliiandika?”

“Mwalimu mmoja,” Bi Chapa akasema. “Alihamishwa.”

Ulikuwa uongo ulionyooka, hauna hata kosa moja la uchapaji. Binti aliikunja karatasi mara mbili, akairudisha kwenye daftari, na hakuuliza zaidi. Afadhali angeuliza.

Ilimchukua Bi Chapa siku nne kufika karakana. Siku ya kwanza alifika hadi kwenye mashine ya kusaga, akanunua kilo mbili za unga asizozihitaji. Siku ya pili alinunua nyingine. Siku ya nne mwenye mashine alimuuliza kama ana shughuli nyumbani, ndipo akaona aibu ya huku imekuwa kubwa kuliko ya kule, akaingia.

Kaka alikuwa anaranda ubao. Hakusimama. Bi Chapa alikaa juu ya gogo na mfuko wa unga mapajani, akasema yote: lori, droo, nafasi tupu, mazishi. Alisema ni yeye. Alisema yote kumi na moja ni yake. Kuna watu wakikiri hujitetea kidogo kwa kando. Yeye hakujua namna, kwa hiyo alisimulia kama anavyochapa.

Kaka aliendelea kuranda hadi mwisho wa ubao. Maranda yalianguka mfululizo miguuni pake.

“Zile kumi ni kweli,” akasema. “Ile ya viti nimeipenda.”

“Kaka, nisamehe.”

“Hii ya mama.” Aliweka randa chini. “Kugongea ule mguu ni nyundo. Nilianza mara moja, akashika kichwa. Akaniambia, mwanangu, kila ukigonga ni kama unanigonga mimi. Ngoja nipone kwanza.” Alipuliza vumbi juu ya ubao, ingawa hapakuwa na vumbi. “Basi nikawa nangoja apone.”

Bi Chapa alimuuliza kwa nini hakumwambia.

“Ulikuwa unaniuliza mbele ya mlango wake, mdogo wangu. Ningesema nini? Kwamba nangoja apone, na yeye anasikia, na wote tunajua haponi? Nikasema kesho.”

Hakumfukuza, hakupaza sauti, alimsindikiza hadi barabarani na kumbebea unga. Jumapili iliyofuata sahani yake ilikuwa mezani kama kawaida. Kitu kimoja tu kilibadilika. Bi Chapa alipomuuliza kama atakwenda kumtazama shemeji yao mgonjwa, kaka alisema, “Sijui.” Alipomuuliza lini watapaka ukuta, “Sijui.” Mkewe alipouliza kabati la jirani litakwisha lini, alisema hajui. Mtu ambaye miaka hamsini na sita alikuwa na kesho tele, akigawa bila choyo, sasa hakuwa nayo hata moja. Bi Chapa alikuwa ameilalamikia kesho ile maisha yake yote. Ilipokosekana, nyumba ile ilikuwa kama imezimwa saa ya ukutani.

Wiki hiyo hiyo wanafunzi wa kidato cha pili walipewa jaribio, na swali la mwisho liliwataka watoe mfano wa kinaya usiotoka kwenye karatasi. Majaribio hupitia kwa Bi Chapa, anayeingiza alama. Alikuta jibu la binti wa kaka yake kwa mwandiko mdogo ulionyooka: shangazi yangu huchapa kila kitu bila kosa. Mwalimu alikuwa ametoa alama mbili juu ya mbili. Bi Chapa aliziingiza.

Siku iliyofuata alikwenda kwa mkuu wa shule kuomba mfano wa kumi na moja ufutwe. Alikiri mbele yake pia, akitegemea kukaripiwa, na pengine alikuwa anahitaji kukaripiwa. Badala yake mkuu alisimama, akampa mkono. Miaka yote hiyo, alisema, walikuwa na mwandishi hapa hapa, kati yake na chaki, wala hawakujua. Ukavu ule! Bi Chapa anasema hajapata kupewa mkono uliomchoma vile. Ama kuhusu kufuta, mkuu alieleza kwa masikitiko kwamba karatasi ina namba, na kitu chenye namba hakifutwi shuleni. Angeandika juu. Aliandika juu, kwa busara ya watu wa barua, kwamba yupo mzazi anayedai kwamba kitanda katika mfano wa kumi na moja ni cha marehemu mama yake. Jina la mwandishi hakulitaja, kwa kumhifadhi. Barua aliichapa Bi Chapa.

Ofisi ya Elimu ilikaa miezi miwili. Inasemekana waliunda kamati. Kisha ukaja ule waraka, na mihuri yake miwili, wenye kutangaza kwamba kaka hayupo, mama hayupo, na kitanda hakijapata kuwepo popote.

Bi Chapa aliuchapa asubuhi, akaubandika ubaoni, na jioni akapitia karakana akiwa na nakala. Aliona ni haki yake kaka kujua kwamba serikali imemfuta. Alimsomea. Kaka alisikiliza, akauliza kama mihuri ni ya bluu au ya zambarau. Zambarau, akajibiwa. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Wakakaa. Bi Chapa alisema kiti chake cha ofisini kimelegea mguu mmoja, wiki ya tatu sasa, anakaa upande. Hakuomba kitu. Alikuwa anasema tu, kama mtu anavyosema habari za hali ya hewa.

“Kilete,” kaka akasema, akitafuta penseli nyuma ya sikio. “Nitakitazama kesho.”

Bi Chapa aligeukia upande wa barabara, akajifanya amemwona mtu anayemfahamu.

Jumapili ile, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, aliingia chumba cha nyuma. Binti wa kaka yake alikuwa humo, amelala kifudifudi akisoma. Akasogea kando shangazi yake apate kukaa, bila kuinua macho kwenye kitabu. Kitanda hakikulia. Kina miguu minne, na mmoja wa nyuma ni wa mbao nyingine, nyekundu zaidi. Uligongewa, mkewe kaka anasema, jioni ya siku ya mazishi, watu walipokwisha ondoka. Tofali liko mlangoni, linazuia mlango usijifunge.